Farasi Huachwa Mlangoni

Katika kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons kilichotoka mwaka 2014 kuna jedwali fupi la bei za wanyama wa kupanda. Punda au nyumbu ni sarafu 8 za dhahabu. Mbwa mkubwa wa ulinzi, ambaye mtu wa kimo kifupi anaweza kumtandika na kumpanda, ni 25. Ngamia 50, farasi wa safari 75, tembo 200. Juu ya wote yupo farasi wa vita, 400. Nilipolisoma jedwali hilo kwa sauti mezani kwetu, rafiki yetu mmoja ambaye ni daktari wa mifugo, na aliyekulia jirani na hifadhi ya Mikumi, alitua kikombe chake cha chai akauliza ni nani huyo aliyekaa akaamua kwamba tembo ni nusu ya farasi.

Tulicheka, mchezo ukaendelea. Lakini swali la Dokta (ndivyo tunavyomwita) halikuniacha. Nimekuwa nikikusanya vitabu vya kanuni vya miaka mbalimbali kama wengine wanavyokusanya jezi, na kuanzia usiku ule nikawa navifungua kwanza kwenye kurasa za wanyama. Nilitaka kujua farasi ameishije humo ndani. Historia niliyoikuta ina huzuni kidogo kuliko nilivyotarajia.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya aina hii: watu wanne au watano hukusanyika, mmoja wao akiwa msimulizi. Kila mwingine ana mhusika wake, mwenye jina, silaha na pointi za uhai zilizoandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza mnachokiona, nyinyi mnasema mnachokifanya, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mhusika akinusurika hupanda ngazi, anakuwa mgumu zaidi kuuawa, na hadithi inaendelea Jumamosi ijayo. Sisi tunacheza Dar es Salaam, sebuleni, feni ikiwa imezimwa kwa sababu inapeperusha karatasi.

Katika miaka yote ya kucheza, ni mara chache mno nimeona pambano kubwa ambalo wahusika walipigana wakiwa juu ya vipando vyao. Farasi wanao. Wamewanunua, na wengine wamewapa majina. Kisha wanafika kwenye mdomo wa pango na lazima mtu aulize: na farasi je? Farasi wanafungwa kwenye mti. Jumamosi tatu baadaye wahusika wanatoka na hazina mabegani, na mimi msimulizi natakiwa kukumbuka kama wanyama wale bado wapo, kama wamekunywa maji, kama simba au majangili hawakupita. Mara nyingi nasema wapo. Ni rahisi zaidi.

Ajabu yake ni kwamba mchezo huu ulizaliwa juu ya farasi.

Lake Geneva ni mji mdogo kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, Gary Gygax na wenzake walikuwa wakipigana vita vya zamani kwa sanamu ndogo za askari, juu ya meza yenye mchanga. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walichapisha kanuni zao katika kijitabu kilichoitwa Chainmail. Kilikuwa kijitabu cha majeshi. Kwa kawaida sanamu moja ilisimama badala ya askari 20, na askari wenyewe waligawanywa kwa namna ambayo yeyote aliyesoma vita vya Ulaya ya zama za kati angeitambua: wa miguu wepesi na wazito na wenye deraya, kisha wa farasi wepesi, wa kati na wazito. Farasi wazito ndio walikuwa wenye uwanja. Wakiwafikia wakulima waliosimama na mapanga, hapakuwa na mengi ya kujadili.

Kijitabu hicho hata kilikuwa na kanuni za wapanda farasi wawili kukabiliana kwa mikuki kama kwenye mashindano ya wafalme. Kila mchezaji alichagua kwa siri mahali pa kulenga na namna ya kukaa kwenye tandiko, kisha machaguo yakakutanishwa kwenye jedwali: mkuki umevunjika, kofia ya chuma imeng'oka, mpandaji kaanguka. Mwishoni mwa kijitabu kulikuwa na nyongeza ya mambo ya kubuni, yaani majoka, wachawi na mashujaa. Shujaa mmoja alipigana kwa nguvu za watu wanne. Nyongeza hiyo ndiyo iliyoumeza mchezo wote.

Katika jimbo jirani la Minnesota, Dave Arneson alikuwa ameanza kuwaendesha rafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, ambako kila mtu alikuwa mhusika mmoja badala ya jeshi, na wahusika wale wakaanza kushuka kwenye mahandaki chini ya ngome. Mwaka 1972 alikwenda Lake Geneva kuwaonyesha. Kutokana na mkutano ule ukapatikana mchezo uliochapishwa mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya sanduku moja: Dungeons & Dragons.

Kama msimulizi naelewa vizuri kwa nini walishuka chini ya ardhi. Handaki linachorwa kwenye karatasi ya miraba. Lina ukuta kushoto na ukuta kulia, lina mlango, na nyuma ya mlango kuna kitu ulichokiandaa tangu Alhamisi. Uwanda wazi hauna mlango. Mchezaji akikuambia anakwenda kaskazini, huna budi kuwa na kaskazini. Hivyo mchezo ulishuka ngazi, na farasi, ambaye ni mnyama wa uwanda, akabaki juu.

Vijitabu vya 1974 bado vinamwonea haya. Orodha ya bei inamtaja nyumbu kwa sarafu 20, farasi mwepesi kwa 40, farasi mzito wa vita kwa 200, na deraya ya farasi kwa 150. Mhusika mpya alianza na fedha alizozipata kwa kurusha dadu tatu na kuzidisha mara kumi. Ukipata sita zote tatu, bahati ya mtoto wa mfalme, una sarafu 180. Farasi mzito huwezi kumnunua. Deraya kamili ya mtu mwenyewe ilikuwa sarafu 50, robo ya bei ya mnyama. Yaani mwanzoni kabisa kuwa na farasi wa vita kulikuwa ni jambo la kutamani, kitu unachoshuka kwenye mapango kukitafutia pesa. Ukishazipata, unamnunua farasi, na unarudi kwenye mapango ambako hawezi kuingia.

Nyumbu peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Kanuni inasema wazi kwamba yeye anaweza kupelekwa mahandakini. Hapa Kiswahili chetu kililetea meza yangu kizaazaa, maana nyumbu tuliye naye sisi ni yule wa Serengeti. Kwa dakika kumi nzima wachezaji wangu waliona kundi la nyumbu wenye ndevu wakishuka ngazi za mawe na mizigo ya dhahabu, mpaka nilipokumbuka kwamba wazee wa pwani wanalo neno baghala kwa yule mtoto wa punda na farasi. Tangu hapo tunasema baghala. Naye kipando hakuwa. Alikuwa gunia lenye miguu, analetwa ili hazina ipate kupanda juu.

Mwaka 1975 kikatoka kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na ndani yake akaonekana mhusika ambaye farasi ni sehemu ya nafsi yake: paladini, shujaa wa haki aliyekula kiapo. Gygax hakuficha kwamba alipenda riwaya za Poul Anderson, na paladini huyu amefanana mno na Holger, yule mhandisi wa Denmark katika Three Hearts and Three Lions. Holger anapigwa kichwani katikati ya Vita vya Pili vya Dunia na kuzinduka katika msitu wa dunia nyingine, na karibu yake amesimama farasi mkubwa mweusi aitwaye Papillon, akiwa na silaha zote tayari. Farasi anamjua yeye ni nani kabla mwenyewe hajajijua. Nikiulizwa ni wazo gani bora kuhusu kipando lililowahi kuingia kwenye mchezo huu, nitataja hilo.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikaipanga habari hiyo kikanuni. Paladini akifika ngazi ya nne anaweza kumwita farasi wake. Ni farasi mwenye akili na mwenye uhai mkubwa kuliko farasi mzito wa kawaida. Lakini anaitwa mmoja tu kila baada ya miaka kumi. Akifa mapema, paladini atasubiri hadi muda uishe.

Miaka kumi ya hadithi ni mirefu kuliko karibu visa vyote vinavyochezwa mezani. Kwa maana ya kawaida, basi, farasi yule akifa amekufa. Kanuni haikusema neno lolote kuhusu majonzi, ila mtu anayeisoma leo anaona kitu kama eda.

Eda hiyo imepunguzwa. Katika kitabu cha 2003 farasi wa paladini haishi tena duniani. Anakaa mbinguni, anaitwa mara moja kwa siku, anakaa saa mbili kwa kila ngazi ya bwana wake, kisha anarudishwa alikotoka. Akifa, paladini anasubiri siku 30, au hata kabla ya hapo akipanda ngazi. Mwaka 2014 amekuwa uchawi wa ngazi ya chini. Unaketi dakika kumi, unanuiza, na roho inakuja katika umbo la farasi, ngamia, mbwa au kulungu mkubwa wa nchi za baridi. Ikiuawa inayeyuka bila kuacha mwili. Unaketi dakika kumi nyingine. Na katika kitabu cha 2024 hata dakika hizo hazihitajiki: ni tendo moja ndani ya zamu moja, na zamu moja ya mapigano huhesabiwa kuwa sekunde sita.

Kutoka miaka kumi hadi sekunde sita, ndani ya nusu karne. Sidhani kuna aliyekaa akapanga hivyo. Kila mara palikuwa na sababu nzuri, na sababu kubwa kuliko zote ni hesabu.

Mhusika anapanda ngazi na farasi hapandi. Katika vijitabu vya 1974, shujaa wa ngazi ya kwanza ana dadu moja tu ya uhai (na ziada kidogo) na farasi wake mwepesi ana mbili, kwa hiyo mnyama ndiye mgumu kufa kuliko bwana. Wakianza safari, farasi ndiye anayemlinda mtu. Mtu akifika ngazi ya tisa ana dadu tisa. Farasi yule mwepesi bado ana mbili zake. Maadui nao wamekua kumfuata mtu. Chukua vitabu vya 2014: farasi wa safari ana pointi 13 za uhai na yule wa vita, wa sarafu 400, ana 19. Tufe la moto, uchawi ambao mhusika anaupata ngazi ya tano tu, huunguza pointi 28 kwa wastani. Mnyama akifanikiwa kukwepa anapata nusu, yaani 14. Farasi wa safari aliyekwepa kwa ustadi kabisa anakufa kwa pointi moja.

Mezani kwetu lilitokea hivyohivyo. Joka changa lilipita juu ya barabara likatema mara moja. Wahusika wanne waliinuka wakijipangusa majivu, mmoja akisema amebakiwa na pointi 31, mwingine 26. Farasi wanne hawakuinuka. Pambano likaendelea kwa miguu, joka likauawa, watu wakapongezana, na tulipokuwa tunagawana meno ya joka Dokta akauliza: "Mizoga mnaifanyaje?" Hakuna aliyekuwa ameifikiria. Yeye kazi yake ndiyo hiyo, huitwa vijijini ng'ombe wakifa ghafla, na anajua kwamba mzoga ni swali la kwanza kabla ya mengine yote.

Waandishi wa kanuni waliliona tatizo na wamehangaika nalo kwa njia nyingi. Mwaka 1985 walileta mhusika mpya, mpanda farasi wa ukoo bora, na paladini akawekwa chini ya tawi lake. Wachezaji wengi walimwona ana nguvu kupita kiasi na hakudumu. Toleo la 2000 lilileta ujuzi maalumu wa kupigana juu ya mnyama, na mbwa wa kupandwa kwa sarafu 150, ili watu wafupi wa hadithi hizi waweze kuingia mapangoni bila kushuka tandikoni. Hiyo ni suluhisho ya kifundi na inachekesha kuitazama, lakini inafanya kazi: mlango ukiwa mwembamba, punguza farasi na mpandaji.

Wengine walipaa. Tangu 1974 kumekuwa na kanuni za kupigana hewani juu ya farasi wenye mabawa, grifini na hipogrifu. Grifini ni nusu tai nusu simba, na kitu anachokipenda kukila kuliko vyote ni farasi. Mchezo unaitunza tabia hiyo kwa uaminifu, kwa hiyo ukiwa na grifini kundini wenzako wenye farasi hawatakushukuru. Hipogrifu, mtoto wa grifini na farasi jike, kwa mujibu huo ni kiumbe asiyetakiwa kuwapo. Washairi wa Kirumi walitumia ndoa ya wazazi wake kama mfano wa jambo lisilowezekana. Ludovico Ariosto akaliwezesha katika Orlando Furioso mwaka 1516, na shujaa wake Astolfo anampanda kiumbe huyo mpaka Ethiopia. Kwa hiyo kipando cha kwanza cha hadithi hizi kufika upande wetu wa Afrika kilifika kwa mabawa, na haikuwa bahati mbaya, kama tutakavyoona.

Njia ninayoiheshimu zaidi haimo kwenye Dungeons & Dragons. Mwaka 1985 Greg Stafford alitoa mchezo wake wa Pendragon, unaohusu wapiganaji wa Mfalme Arthur. Mpiganaji anaanza maisha yake ya mchezo akiwa na farasi wanne: mmoja wa vita, wawili wa kupanda safarini, mmoja wa mizigo. Akishambulia kwa mkuki akiwa mbioni, dadu za madhara anazorusha ni za farasi wake. Nguvu za mkono wa mtu hazihesabiwi. Nilipoisoma kanuni hiyo niliirudia mara mbili. Shujaa analishika tu lile pigo. Mwenye kulipiga ni mnyama anayekimbia chini yake. Nijuavyo mimi vita vya zama zile, hiyo ndiyo kweli, na hakuna kitabu kingine cha kanuni kilichonieleza kwa ufupi hivyo.

Kisha kuna majira ya baridi. Katika Pendragon kila mwaka wa hadithi unafungwa kwa kurudi nyumbani. Mchezaji anarusha dadu kuona kama mkewe amejifungua, kama mavuno yametosha, kama amezeeka. Na anarusha kwa ajili ya zizi, farasi mmoja baada ya mwingine. Yupo atakayekufa kwa ugonjwa au kwa uzee, bila joka na bila adui, akiwa kwenye majani makavu mwezi Januari. Mchezaji anafuta jina kwenye karatasi. Hakuna pambano la kulipiza. Stafford, aliyefariki mwaka 2018, alielewa kwamba farasi akishaingia kwenye hesabu za nyumba, yaani chakula, zizi, ugonjwa, mrithi wake ni nani, hahitaji pointi nyingi za uhai ili awe na uzito.

Ndani ya Dungeons & Dragons ya 2014 kuna kipande kimoja tu kinachokaribia hapo. Ni ujuzi ambao mhusika anaweza kuuchagua anapopanda ngazi: adui akilenga kipando chako, unaweza kulazimisha pigo lile likupate wewe. Tena mnyama wako akifanikiwa kukwepa tufe la moto haunguzwi hata kidogo. Wachezaji wanaotafuta nguvu huuchukua kwa sababu nyingine, unarahisisha kuwapiga maadui wa miguu. Lakini aliyeuandika alikuwa na mtu fulani akilini, mtu anayeinama mbele ya farasi wake.

Mwaka juzi Dokta akatoa rai kwamba tumechoka na theluji. Tucheze huku kwetu: njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, miaka ya 1870, pamoja na majini na mizimu kadiri tutakavyo. Wote wakakubali kabla sijasema neno. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuliandika upya lile jedwali la bei.

Farasi nilimwandika, kisha nikafungua vitabu vya wasafiri. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa wiki za mwanzo, kabla safari haijawa safari. Punda wakaendelea kupungua, hasa kwenye matope ya Mkata wakati wa masika. Magonjwa yalikuwa mengi, na katika pori kubwa la nchi hii alikuwapo mbung'o. Ilikuwa miaka ya 1890, huko Zululand, ndipo David Bruce alipoonyesha kwamba mdudu huyo ndiye anayebeba nagana ya mifugo. Wenye misafara wa hapa walikuwa wamekwisha kujua siku nyingi kwamba ng'ombe na farasi hawapitishwi baadhi ya mapori. Tendi za pwani zina farasi wa vita wanaotimua vumbi katika nchi za mbali. Bara yetu iliwaua. Ariosto alifanya vyema kumrusha Astolfo juu kwa juu.

Nikaandika farasi: sarafu 400, dadu moja kila kituo, ukipata chini ya 15 amekufa. Nikaenda kwenye punda. Kisha nikafika mahali ambapo kalamu ilisimama, kwa sababu jibu la swali "walisafiri juu ya nini?" katika nchi hii ni mabega ya watu. Mizigo ya pembe, nguo na shanga ilibebwa na wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, mzigo wa kawaida ukiwa frasila mbili, karibu kilo 32. Na waliougua, au waliokuwa na uwezo wa kutotembea, walibebwa kwenye machela. Burton alipougua safarini na Speke miaka ya 1850 alibebwa hivyo.

Mchezaji mmoja, anayeigiza mfanyabiashara tajiri wa Unguja, aliniuliza machela ni bei gani. Swali halali kabisa. Kwenye karatasi ya mhusika kuna mstari wa kipando, na yeye alitaka kuujaza.

Nikasoma kanuni ya 2014 upya. Inasema kipando ni kiumbe aliyeridhia, mkubwa kuliko mpandaji walau kwa kimo kimoja, mwenye maumbile ya kufaa. Meza ikagawanyika palepale. Mmoja alisema mpagazi hafai kwa sababu ya kimo, mambo yameisha. Mwingine akasema kimo ni kisingizio, neno zito pale ni kuridhia. Mfanyabiashara wetu akasema yeye analipa. Mwenzake akamuuliza kama mtumwa wa bwana wa msafara naye amelipwa, maana katika misafara ile walikuwamo watumwa pia. Nikaleta hoja ya mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye kitabu chake cha 2006 kinawaonyesha wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa kama watu huru wa kazi ya mshahara, waliojivunia njia waliyoipita na waliojua kugoma na kutoroka mkataba ukivunjwa. Dokta alisikiliza yote, akasema farasi yeyote aliyewahi kumtibu hakuwahi kumuuliza kama ameridhia.

Kwenye mwongozo wa msimulizi wa 1979 mpagazi yupo. Ameorodheshwa miongoni mwa vibarua, na malipo yake, karibu na mbeba mwenge. Hana jina wala pointi zinazokua. Yuko kwenye hali ileile ya farasi: anasubiri mlangoni.

Tulichokubaliana, baada ya saa nzima na chapati zote kuisha, ni kwamba mstari wa kipando tunaufuta. Kila mchezaji atakuwa na wahusika wawili, mmoja wake mwenyewe na mmoja mpagazi, mwenye jina, kijiji, posho na ngazi anazopanda. Na hakuna atakayeigiza mpagazi wa mhusika wake mwenyewe. Dokta akapewa mtu wa mbele wa machela ya mfanyabiashara.

Tulifika Mkata masika yakiwa yamekolea. Nilikuwa nimewapa punda sita pale Bagamoyo. Watatu walikuwa wamekwisha kufutwa kwenye karatasi, na usiku ule matope yakachukua wawili. Mmoja aliyebaki alizama hadi kifuani na mizigo ikamfuata. Hakuna aliyekuwa na uchawi wa kumtoa. Walikata kamba wakaokoa walichoweza, wakagawana. Yule mganga wetu wa kike aliacha ngao yake ili abebe mchele.

Ndipo Dokta, kwa sauti ya mpagazi wake, akasema mti wa machela unawekwa chini hapa. Posho ya siku nne haijalipwa, matope yanafika magotini, na tajiri mwenyewe mzima wa afya. Mfanyabiashara akachukua dadu ajaribu kumshawishi. Nikamwambia anaweza kurusha kama anataka, ila mpagazi huyu ni mhusika wa mchezaji, na mhusika wa mchezaji haamuliwi na dadu ya mwenzake. Hiyo ni kanuni ya meza hii tangu siku ya kwanza. Akaizungusha dadu kiganjani, akaiweka mezani bila kuirusha.

Akashuka. Viatu vyake vilikuwa kwenye mzigo wa punda.